Skonzi hazitaki mkono wa mahamri: barua kwa mwanangu aliye Exeter, Uingereza

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Mombasa hatujambo, alhamdulillahi. Mamako goti limempoa kidogo, na mvua za masika zimetuacha salama, ila ule ukuta wa uani umezidi kuinama.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza pamoja. Mamako alicheka mpaka akapaliwa pale uliposema skonzi zako zimetoka ngumu, ukimpopoa nayo kunguru harudi tena. Pole, mama. Lakini nilipofika pale uliposema "nikaukanda unga vizuri, nikaufunika saa nzima", sikuhitaji kusikia zaidi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana vipimo vya kusemwa kwenye simu hupotea, na mamako simu hunipokonya kabla sijafika kwenye siagi.

Wewe umelelewa na mahamri. Hujafika kimo cha meza, nyanya yako alikuwa akikupa kidonge chako cha unga ukikande pembeni, na ukikichoka anakwambia bado. Mahamri, chapati, mkate wa hamira, vyote hivyo vyataka kukandwa mpaka unga unyooke bila kukatika. Unga wa ngano una protini ambazo zikilowa na kukandwa hushikana zikafanya nyuzi za gluteni. Nyuzi hizo ndizo zinazozuia hewa ya hamira isitoroke, ndipo hamri likafura likawa na uwazi ndani. Basi mikono yako imezoea kuzitafuta nyuzi hizo, haijui kupika vyengine.

Skonzi ya Kiingereza yazitaka nyuzi chache iwezekanavyo. Usiifananishe na zile skonzi za pakiti za dukani hapa kwetu, ambazo ni mkate mdogo tu wa hamira na sukari. Hiyo unayotaka kuwapelekea wenzako wa wodini huumuliwa na beking pauda, na pauda haina subira ya hamira. Ikiguswa na majimaji tu imeshaanza kutoa hewa, na joto la oveni huja kumaliza kazi. Ulipoifunika saa nzima, ile hewa ya mwanzo yote ilikwenda zake, ukabaki na unga uliokandwa ukakazana na pauda iliyochoka nusu. Tangu maziwa yaingie kwenye unga mpaka trei iingie motoni, jipe dakika 10, zisizidi. Kila kitu kiwe tayari kabla: oveni imeshika moto, trei imepakwa, kikopo cha kukatia kiko karibu, simu iko chumba chengine.

Pauda yenyewe, kwa kuwa wewe hupenda kujua vitu vimetoka wapi, si ya zamani kama watu wanavyodhani. Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, aliitengeneza 1843 kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Miaka 2 baadaye Henry Jones, mwokaji wa Bristol, mji usio mbali na hapo ulipo, akapata hataza ya unga uliochanganywa pauda kabisa. Ndio huo ulio kwenye pakiti zilizoandikwa "self-raising". Nunua huo. Usiguse ule ulioandikiwa mkate, wenye protini nyingi, hata kama ndio uliobaki kabatini kwa ajili ya chapati.

Vipimo ni hivi, na vyatoa skonzi kama 10 za kiasi. Unga gramu 400, beking pauda kijiko kimoja cha chai juu ya ile iliyomo, chumvi robo kijiko, sukari laini gramu 60, siagi baridi isiyo na chumvi gramu 100. Yai moja lipige ndani ya jagi la vipimo, kisha ongeza maziwa mpaka vyote viwili vifike mililita 220. Kamulia ndimu kidogo humo, yale maziwa yaanze kugandagana. Huo uchachu huisaidia pauda. Pima kwa mizani. Vikombe vya huko na vikombe vya kwetu havifanani, na kikombe cha mamako ndicho hakifanani na chochote.

Sasa siagi. Hapa ndipo kazi ilipo.

Pale hotelini Nyali nilikofanya kazi, adui yetu alikuwa joto. Mwezi wa Februari, kaskazi imekaza, ukiitoa siagi kwenye friji ukageuka kuchukua kisu, ukirudi imeshaanza kutanda. Tulikuwa twaweka bakuli ndani ya friza, na unga wenyewe, na hata kikopo cha kukatia. Mpishi aliyenifundisha alikuwa mzee mwembamba wa vidole virefu, na kando yake hakukosa sufuria ya maji ya barafu. Atumbukize mikono, aifute kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, kisha aipekeche siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole tu, akiuinua juu na kuuachia uanguke. Akihisi vidole vimepata moto anarudi kwenye barafu. Kiganja chake hakikuugusa unga hata siku moja. Nami nikisahau nikashika kwa kiganja, hakusema neno; alilisukuma bakuli langu kando akanipa lengine, na unga ule ulikatwa kwenye hesabu ya jikoni huku meneja akitukodolea macho.

Wewe uko Exeter, hata Julai jikoni kwenu huna haja ya sufuria ya barafu. Lakini sababu ijue. Siagi ni mafuta asilimia 80 hivi, na maji yaliyobaki hayazidi asilimia 16. Vile vipande vidogo vikiingia motoni bado ni vigumu, huyeyuka pale pale vilipo na kuacha mianya, na maji yake hugeuka mvuke unaousukuma unga juu. Siagi ikishayeyukia bakulini, unga huinywa yote, wala hakuna mianya tena. Kwa hiyo katakata vipande vidogo, pekecha, na uache baadhi vikiwa vinaonekana kwa macho. Wanaoanza husumbuka wakitaka kila kipande kipotee. Usisumbuke.

Chimba kishimo katikati, mimina yale maziwa karibu yote, bakisha kama vijiko viwili vya mezani. Changanya kwa kisu cha mezani, si kwa mkono, na si kwa mwiko. Kisu hukata na kugeuza, hakikandi. Unga ukikusanyika tu, acha. Utauona una sura mbaya, una mikunjo, unanata kidogo, pahali pengine pakavu. Mkono wako utawasha utake kuulainisha. Hapo ndipo ujizuie, mama, kwa sababu unga mkavu uliolainika vizuri ndio uliokupa yale mawe. Unga wa skonzi ni heri unate kidogo kuliko uwe mkavu.

Umwage juu ya meza iliyonyunyizwa unga, ukunje mara mbili au tatu kwa wepesi, kisha uubonyeze kwa mkono uwe na unene wa sentimita 3. Mti wa kusukumia chapati uache kabatini. Watu wengi husukuma mpaka sentimita moja na nusu wakitarajia muujiza ndani ya oveni. Skonzi haiumuki kiasi hicho. Kikopo cha kukatia, cha upana wa sentimita 6 hivi, kichovye kwenye unga, kishushe wima na kukiinua wima. Usikizungushe. Ukikizungusha, kingo zinazibana, na skonzi hupanda upande mmoja ikainama kama ule ukuta wetu wa uani. Vilivyobaki pembeni visogeze pamoja ukate tena. Hizo za mkato wa pili hazitapendeza, hizo ule wewe jikoni.

Yale maziwa uliyobakisha paka juu kwa brashi, juu tu. Yakiteremka ubavuni hugandisha kingo vile vile. Zipange kwenye trei karibu karibu, nafasi ya kidole baina yake, zitategemeana zikipanda. Oveni iwe nyuzi 220, au 200 kama ni ile yenye feni, na uwe umeiwasha mapema, maana taa ya oveni nyingi huzimika kabla kuta hazijashika moto sawasawa. Dakika 12 mpaka 14. Usifungue mlango kuchungulia kabla ya dakika 10.

Zikitoka, usitazame juu, tazama ubavu. Skonzi iliyofaulu ina mpasuko kiunoni, mstari mbaya mbaya unaoizunguka, kana kwamba imejiandaa kufunguliwa kwa mkono. Hiyo haitaki kisu. Ukiiona ina mpasuko huo nipigie picha unitumie, nitajua yote bila kuonja. Kama wazitaka laini pembeni, zifunike kwa kitambaa safi zikiwa bado na moto.

Zabibu usitie. Najua umeziona humo kwenye maduka ya chai, na wageni wetu wa zamani wengine walikuwa wakiziulizia, lakini zabibu kavu na stroberi mbichi kwenye mdomo mmoja ni vita. Iliki nayo iache kwa mahamri. Nimekuona ukitia iliki mpaka kwenye uji.

Matunda. Hapo ulipo, Juni na Julai ndio msimu wa stroberi za shambani, na ndipo Waingereza huzila kwa krimu hata kwenye tenisi ya Wimbledon. Una bahati nisiyokuwa nayo. Zetu zilikuwa zikiteremshwa kutoka Limuru usiku kwa lori, zikifika Mombasa asubuhi za chini zimeshakuwa jemu, na za juu nyingi mabega meupe. Stroberi ikishachumwa haiivi tena. Itakuwa nyekundu zaidi, italainika, lakini utamu iliochumwa nao ndio huo huo. Kwa hiyo usinunue kwa macho. Inua kikasha, nusa. Kama haina harufu, pita. Zilizo ndogo mara nyingi huzishinda zile kubwa za kujionyesha.

Zisuuze zikiwa bado na vikonyo vyake, ndipo uvitoe. Ukivitoa kwanza maji yanaingia tumboni. Gramu 400, theluthi moja iweke kando nzima nzima. Zilizobaki kata vipande, nyunyiza sukari laini vijiko viwili vya mezani na matone ya ndimu, ziponde kidogo chache kwa uma, halafu ziache nusu saa nje ya friji. Sukari huyavuta maji ya tunda, na utakuta rojo jekundu chini ya bakuli ambalo hukulipika. Kama una maji ya waridi, tone moja, si zaidi. Stroberi na waridi ni za ukoo mmoja wa mimea, nazo hupatana. Vanila kama waitaka, tafuta ganda lenyewe ulikwangue, kwa kuwa ile ya chupa aghalabu hukamuliwa kwa pombe.

Na usiingie humo wodini kwa unyonge eti umepika chakula cha wenyewe. Stroberi hizo kubwa wanazoziona za kwao zina mama wa Chile na baba wa Amerika ya Kaskazini: Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi na miche kutoka Chile 1714, ikapandwa Ufaransa karibu na ile ya Virginia, zikazaana. Na chai watakayoteremshia, kuna uwezekano mkubwa imepigiwa mnada hapa hapa Mombasa, ambako mnada wa chai umekaa tangu 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi. Wao nao wameokoteza huku na huku.

Krimu nunua ile ya kupigwa, yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, mililita 300. Ile nzito ya asilimia 48 nayo yafaa, lakini hukaza ghafla, itakushinda mara ya kwanza. Bakuli na mapigio viwekwe kwenye friji kwanza. Tia kijiko kimoja cha sukari ya unga, piga taratibu, na uache pale ambapo ukiinua pigio krimu inasimama kisha ncha yake inainama. Inayosimama kama mkuki imeshapita, na ukiendelea itakuwa siagi kabla hujamaliza bismillahi.

Ipo nyengine, waiitayo "clotted cream", ambayo wenyeji wa Devon hapo ulipo na wa Cornwall jirani ndiyo wanayoapia. Hiyo haipigwi. Krimu hupashwa moto mdogo kwa saa nyingi, ikaachwa ipoe, ikafanya ganda la manjano juu, kama malai mamako anayoyaengua kwenye maziwa ya kuchemsha ila nzito mara kadhaa. Ile ya Cornwall inalindwa jina lake tangu 1998, na mafuta yake hayaruhusiwi kuwa chini ya asilimia 55. Kipakti kidogo chatosha watu wengi.

Utakuta wana ugomvi wao. Devon huweka krimu kwanza, jemu juu. Ukivuka mto Tamar kuingia Cornwall, jemu huwa chini na krimu juu, na kila upande huwaona wa ng'ambo kama watu wasiolelewa. Nimewahi kuona meza ya wageni ikinuniana kwa jambo hili pale kwenye varanda, saa kumi alasiri, na mimi nimeshika trei sijui niiweke wapi. Rai yangu mimi niliyezipika: ile krimu nzito ya kupashwa ikae chini, kwani hufanya kazi ya siagi. Lakini kwa matunda mabichi yenye rojo na krimu ya kupigwa, tunda litangulie. Ile nusu ya chini ya skonzi inywe rojo, juu yake kijiko cha krimu, kisha stroberi nzima moja iliyopasuliwa kati. Ukiweka krimu kwanza, rojo huteleza juu yake na kumwagikia kwenye nguo ya mtu. Wenzako wa Devon wakisema umekosea, waambie babako ni mtu wa Mvita, hana upande.

Usizijaze nyumbani. Peleka skonzi zimefungwa kitambaani, matunda kwenye chombo chenye kifuniko, krimu kwenye mfuko wa barafu. Usafi na friji sina la kukufundisha muuguzi. Jaza pale pale wakati wa kula. Skonzi iliyojazwa asubuhi ikaliwa saa kumi ni kitambaa cha kupangusia meza.

Zioke asubuhi ile ile. Najua una zamu ya usiku kabla yake, basi fanya hivi: zikate siku ya kabla, zigandishe mbichi kwenye friza zikiwa zimepangwa kwenye trei, na asubuhi zitoe ziende motoni moja kwa moja, ukiongeza dakika 3 au 4. Hazitapanda sana kama za papo hapo, lakini ni nani atakayejua.

Ukija Desemba in shaa Allah, tutazipika kwa embe. Ngowe zitakuwa zimeanza kushuka sokoni Kongowea. Tutalikata embe vipande, tulitie rojo la karakara mbili, ndimu, bila sukari kabisa, na krimu tuipunguze kwa kuwa ngowe lina mafuta yake ya mdomoni. Wageni wetu waliokuja kukimbia baridi walikuwa wakiomba hiyo kuliko ya stroberi, na kwa kweli kwenye joto letu ndiyo inayofaa. Nilipata kumwambia meneja tuiweke kwenye menyu mwaka mzima. Akaiweka hata miezi isiyo ya msimu wa ngowe, tukawa twafungua makopo. Sikupenda.

Nikuombe jambo moja. Nitafutie kikopo cha kukatia cha chuma, cha mviringo, chenye ukingo wa chini mkali na wa juu uliokunjwa. Changu kimepinda, na vya plastiki vinavyouzwa mjini vinabana kingo.

Mamako anauliza kama umepokea ile kanga. Anasema pia picha uliyotuma ya ufukweni umevaa nguo nyepesi, na Julai ya huko si Julai ya kuaminika, uvae kitu juu. Nduguyo anakusalimu, shangazi yako wa Likoni pia.

Wasalaam,
babako